Nani Atashika Nusu ya Pili

Masika, mama,

Umetoka hapa jua likiwa bado kali, na sasa giza linaanza kuingia, na miye nimekaa kwenye meza ya kazi upande wako. Upande wangu umejaa chembe za frigolite, lile povu jeupe la katoni. Ulifagia asubuhi, najua, lakini baada ya weye kuondoka nimekata vipande viwili, na kwa vile kura imepotea, umeme hakuna, waya wa moto wa kukatia haukuwaka, nikatumia musumeno. Ona sasa. Chembe ziko kwenye nywele, ziko kwenye chai, moja imenata kwenye kioo cha miwani. Vitu hivi vyeupe havina adabu. Ukivifukuza vinahamia kwenye mukono unaovifukuza.

Maagizo sitakuandikia. Maagizo yote umenipa weye: dawa ya presha iko wapi, makala ya jiko ninunue kwa nani, nisilale na dirisha wazi, nisile bugali ya jana muchana na usiku. Umeyasema yote mbele ya shangazi yako, utafikiri ni miye ninayesafiri. Niliitikia. Nusu yake nimeshasahau.

Ninaandika kwa sababu ya mufuko. Ijumaa nilirudi kutoka kazini nikaukuta mufuko wako wa safari uko mutupu juu ya kiti, nguo zimerudi kwenye sanduku, na weye uko jikoni unachambua mboga ya lengalenga kama mutu asiye na safari yoyote. Nikauliza kuna nini. Haukugeuka. Ukasema, "Papa, miye nikienda Kampala, nani atashika nusu ya pili?"

Mutu asiyejua kazi yetu angekucheka. Angesema hilo ni povu tu, jepesi, hata mutoto analibeba kichwani. Lakini tunajua, weye na miye. Ganda la tiyo, lile tunalovalisha bomba lisipoteze moto au baridi, ni nusu mbili, na nusu mbili hazisimami zenyewe. Lazima mutu mumoja aikumbatie tiyo na kuzibana zote mbili mpaka zikutane bila mwanya, na mwingine azungushe waya na kukaza. Mikono miwili haitoshi. Kwa hiyo swali lako halikuwa la kitoto, na ndiyo maana nilikujibu vibaya. Nilisema tiyo nitaifunga na meno. Ukacheka, kisha ukaanza kulia juu ya lengalenga, na miye nikatoka nje kwenda kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Jumamosi ulipanga nguo tena. Nikadhani yameisha. Kumbe leo, ulipofika tu Majengo kulala kwa shangazi yako, yeye amenipigia simu. Anasema umemuambia kwamba kesho asubuhi utapita nyumbani kuchukua mufuko, na ukiona sura ya papa yako haiko sawa, utaufungua mufuko na kubaki. Basi kazi yako ya Kampala, na maisha yako yote, vimewekwa juu ya sura yangu. Mama, sura yangu haijawahi kuwa sawa, hata siku ya ndoa. Muulize shangazi, alikuwepo.

Ndiyo maana nimeketi hapa. Ninataka uende, na ninajua kwamba kwa mudomo nitashindwa kukuambia. Kwa kalamu labda nitaweza.

Unakumbuka siku ile ulinionyesha kwenye simu ile video ya karakana ya hao waliokupa kazi? Yule kijana wa Kampala anamimina dawa mbili za maji kwenye kopo, anakoroga, na povu linapanda lenyewe, linavimba kama unga wa mikate, linajaza kila tundu kati ya tiyo na bati, kisha linakuwa gumu. Ulikuwa unaruka. Ulisema, "Papa, angalia, hakuna mutu anashika!" Nami nilisema ni vizuri, nikaenda kulala mapema. Sikulala. Nilikuwa ninawaza kwamba nimetumia maisha yangu yote katika kazi inayotaka mutu wa pili, na sasa kumekuja povu ambalo halimutaki. Niliona wivu, Masika. Wivu wa povu. Hata kuuandika ninaona aibu.

Hakuna aliyekusimulia kazi hii ilianzaje, kwa sababu miye nilikuwa ninaruka sehemu ya mama yako kila mara. Leo siruki.

Nilikuja Goma kutoka Kiwanja nikiwa plombye wa kuunganisha tiyo tu. Kazi ya kwanza ya maana niliipata kwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa. Maji yalipata moto juu ya paa, kwenye mashine ya jua, lakini kutoka kwenye paa mpaka vyumbani tiyo ilitembea juu ya mawe. Unajua hapa kwetu tiyo hailali chini ya udongo, kwa sababu udongo hakuna. Ukipiga sururu kwenye haya mawe ya volkano, inakurudishia cheche. Basi maji yalitoka juu yakiwa moto, yakatembea katika upepo wa ziwa, na wageni wakaoga baridi na kumupigia kelele mwenye nyumba, na mwenye nyumba akanipigia kelele miye.

Kwanza nilivalisha tiyo sponji ya godoro. Mvua ilinyesha, sponji ikanywa maji yote, ikawa baridi kuliko mwanzo. Kisha nikaokota frigolite kwenye katoni za televisheni, nikaichonga vizuri, nikaifunga mpaka juu kwenye mashine. Nilikuwa na majivuno kweli. Baada ya jua kali la siku chache nilipanda nikakuta frigolite ya juu imekunjamana, imerudi nyuma, na tiyo iko uchi kama ilivyozaliwa. Mama yako alikuwa ameniletea chakula. Akaangalia, akasema, "Kasereka, umeivalisha nguo ya mutoto."

Ni yeye aliyeona frigo iliyokufa, friji mbovu, nyuma ya nyumba ya jirani. Watoto walikuwa wameipasua ubavu, na ndani kulikuwa na povu la njano, gumu, limeshikamana na bati. Miye nilipita hapo kila siku sikuona kitu. Yeye alivunja kipande, akakitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka, akakaa juu ya kigoda akikiangalia kama mutu anayengoja viazi viive. Hakikukunjamana. Basi tangu siku hiyo, ya moto tunaivalisha njano ya frigo, ya baridi tunaivalisha nyeupe. Weye unasema hivyo kila siku kwenye kazi na unadhani ni maneno yangu. Ni ya mama yako.

Na yeye ndiye aliyeshika nusu ya pili kabla yako. Alikuwa anaikumbatia tiyo kwa mikono yote miwili, shavu limegusa ganda, macho yananiangalia nikizungusha waya. Hapo ndipo tulipokuwa tunaongea. Nyumbani kulikuwa na majirani, na redio, na ndugu waliokimbia vita kutoka Masisi na Rutshuru wakalala sebuleni mwezi baada ya mwezi. Kwenye tiyo tulikuwa wawili, nyuso karibu, na hakuna aliyeweza kuondoka mpaka fundo likaze. Siku aliponiambia ana mimba yako alikuwa ameshika. Nilikaza waya mpaka ganda likapasuka katikati. Akasema, "Sasa hilo ganda lina kosa gani?"

Hayo ndiyo niliyokuwa ninayaruka.

Mama yako alipokufa, watu walikuja, wakakaa, wakaimba, wakarudi kwao. Kila mutu aliniuliza unaendeleaje, nami nikasema niko sawa. Niliwaambia mapadri niko sawa. Nilimuambia shangazi yako niko sawa mpaka akaacha kuuliza. Weye ulikuwa bado unavaa nguo za shule, na weye pia nilikuambia hivyo, huku nikikupikia ile mboga ya sombe yenye mchanga uliyokula bila kusema kitu.

Wakati huo nilipata kazi kwenye depo ya maziwa ya Mama Furaha, ile ya barabara ya Rutshuru, ambapo wanapokea maziwa na jibini kutoka Masisi. Tiyo za baridi, kutoka kwenye mashine ya nje mpaka kwenye tanki. Nilizifunga peke yangu. Nilibana ganda kwa magoti, kwa kifua, kwa kidevu. Mahali penye mwanya nilisukuma kidogo, nikapitisha utepe juu, nikavalisha karatasi ya kung'aa, nikapaka rangi. Ilipendeza. Watu waliokuja kununua maziwa walisimama kuangalia. Mama Furaha aliniletea jibini nzima ya kunishukuru.

Weye unajua sasa, lakini miye sikujua. Tiyo ya baridi haisamehe mwanya. Hewa inaingia mahali padogo kama unene wa ukucha, inagusa chuma baridi, inageuka maji, na maji hayana pa kutokea kwa sababu juu kumefungwa vizuri. Nje ni kukavu. Nje kunang'aa. Ndani chuma kinaliwa polepole.

Mama Furaha aliponiita, mashine ilikuwa imeanza kuhema kama mutu wa pumu na maziwa hayapoi tena. Nilichukua kisu nikapasua koti la tiyo, na maji yakamwagika juu ya viatu vyangu, maji ya rangi ya chai. Tiyo ilikuwa inabomoka kwa kidole. Nikapasua mahali pengine, ni vilevile. Pengine, ni vilevile. Kazi yangu yote nzuri. Nikaketi chini kwenye sakafu ya depo, katika maji yale, nikalia mbele ya wanawake waliokuja na bidoni zao za maziwa. Mama Furaha alidhani ninalilia kazi. Akasema, "Papa Masika, tiyo inanunuliwa nyingine."

Weye ulikuwa umetoka shule, umeniletea chakula katika ile sufuria yenye kifuniko kilichopinda. Ulisimama mulangoni. Uliweka sufuria juu ya tanki, ukaokota nusu mbili za ganda kutoka kwenye maji, ukazipangusa kwenye nguo yako ya shule, ukaikumbatia tiyo mahali palipobaki nzima, shavu kwenye ganda. Ulishika hivyohivyo kama mama yako. Sijui ulimuona lini. Ukasema, "Papa, funga."

Na miye nikafunga.

Hapo ndipo nilipokosea, mama, kuliko kwenye ule mwanya. Tiyo tulinunua nyingine. Lakini nilipaswa kukuambia asante, sasa weka chini, rudi kwenye masomo yako, nitatafuta mutu. Sikutafuta mutu. Ulishika siku hiyo, na siku iliyofuata, na likizo zote, na ulipopata diploma yako ya leta, ya kumaliza sekondari, ukaendelea kushika. Unakumbuka mujomba wako wa Butembo alipokuita ukasome kule, na kitanda alikuwa ameshakuandalia? Uliniuliza miye ninaonaje. Nilisema ni weye utaamua. Kisha nikakohoa kidogo. Sikuwa na kikohozi, Masika. Uliniangalia, ukamupigia mujomba simu, ukasema haiwezekani mwaka huu. Na usiku ule nilikula vizuri sana.

Sikuambii haya ili unihurumie. Ninakuambia kwa sababu kesho, ukitafuta kwenye sura yangu sababu ya kubaki, ujue kwamba sura hii inajua kudanganya. Imeshakudanganya.

Inajua kudanganya upande mwingine pia, na hilo nililirithi. Nilipotoka Kiwanja, bibi yako, mama yangu, alinisindikiza mpaka kwenye gari akisema niende tu, yeye yuko sawa. Kila aliyekuja Goma na moto, pikipiki hizi, au na muzigo wa maharage alileta salamu zake: mama yuko sawa. Nilikuwa kijana, nikaamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi. Nilipokwenda kumuona alinipokea mulangoni, akatembea mbele yangu bila kugusa ukuta, akavuta kiti, akaniambia nimenenepa. Kisha akamimina chai. Aliimimina kando ya kikombe, juu ya meza, na akaendelea kumimina. Alikuwa haoni. Alikuwa haoni muda mrefu, na majirani wote walijua, na yeye aliwakataza kuniambia ili nisiache kazi.

Watu husifu mama wa namna hiyo. Miye sikumusifu. Nilikasirika mpaka nikatoka nje. Alininyima nafasi ya kuwa mutoto wake wakati alipokuwa ananihitaji, na alidhani ni zawadi. Nilimupenda, nilimuzika, na hasira hiyo ninayo bado. Gari lako kesho litakata kona Rutshuru kwenda Bunagana mpakani, halitafika Kiwanja, kwa hiyo kaburi lake hautaliona. Geuza tu kichwa upande ule. Inatosha.

Kwa hiyo ninakuandikia kweli. Siko sawa. Tangu Ijumaa siko sawa. Nitakuwa mupweke sana, kuliko unavyofikiri, na sitajifanya kuwa ni kitu kidogo. Ninaogopa saa ile ya jioni ambapo huwa unawasha redio na kugombana na mutangazaji. Ninaogopa kupika, kwa sababu sufuria zote za nyumba hii ni za watu wawili. Leo nyumba imekuwa kimya muchana tu, hata usiku haujaingia, na tayari nimeongea na kiti chako. Nilikiambia kisogee.

Siko sawa, na ninataka uende. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja ndani yangu bila kupatana, na sina njia ya kuyapatanisha. Niliingoja siku ambayo nitakuwa na nguvu ya kukuachia bila kuumia. Nimeona haiji. Basi nenda nikiwa hivihivi.

Sasa nikuambie ya Jumamosi. Ulipokwenda sokoni kununua vya safari, nilichukua maganda nikaenda kwa Mama Furaha kumaliza kazi tuliyoianza, ya tiyo mpya aliyoongeza. Nilitaka kujaribu peke yangu. Nilikuwa nimekata mupira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, pete nyingi nyembamba, na nilizivuta juu ya ganda badala ya waya. Kwenye tiyo iliyonyooka inafanya kazi. Mupira unabana nusu zote mbili wenyewe, kisha unazungusha waya kwa raha yako. Nilifunga ukuta muzima, nikapitisha ukucha kwenye kila muungano, hakuna mwanya. Nilikuwa nimeanza kupiga miluzi.

Kisha nikafika kwenye kiwiko. Kile cha barazani, mahali tiyo inatoka ukutani na kupanda juu. Pete ya mupira haikai kwenye kiwiko, inateleza. Nilibana kwa goti, kama zamani. Nikasukuma kidogo, kama zamani. Na kile kiwiko ulichokata weye, cha mwisho, chenye kona laini kama sabuni iliyotumika, kimevunjika mikononi mwangu.

Nilisimama na vipande hivyo muda mrefu. Ningeweza kuvibandika na kola, ile gundi yetu, nikavalisha karatasi, nikapaka rangi. Mutu asingejua. Niliviweka mufukoni nikarudi nyumbani, na ulipouliza kazi imeendaje nikasema imeenda. Viko hapa mbele yangu kwenye meza. Hivyo sitavitupa.

Leo, baada ya simu ya shangazi yako, nilipanda moto nikarudi kwa Mama Furaha. Alikuwa kwenye baraza, amevua viatu, anahesabu jibini. Nilisimama pale kama mutu anayeomba uchumba. Usicheke. Nikamuambia kiwiko kimenishinda, nikamuomba kesho asubuhi anisaidie.

Akasema, "Papa Masika, miye ninauza jibini. Mambo ya tiyo nitayajua wapi?"

Nikasema, "Fundo unajua."

"Fundo ninajua, kwa vile ninafunga jibini tangu nikiwa binti."

"Basi weye utafunga. Miye nitashika."

Aliniangalia. Akavaa viatu pole pole, kama vile jambo hilo haliwezi kujibiwa bila viatu. Akasema, "Tangu maji yale yalipokumwagikia hapa, niko ninangoja uombe mutu kitu. Nilisema huyu muzee atakufa na mikono yake miwili."

"Utakuja au hautakuja?"

"Nitoke hapa niende wapi? Depo ni yangu. Lakini niko ninakuambia mapema, ukinifokea ninaacha waya."

Ni hivyo tu. Sijapata rafiki, sijapata dawa ya upweke. Nimepata mutu wa asubuhi moja, wa kiwiko kimoja, ambaye atalalamika kuhusu kucha zake tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha nitarudi hapa kwenye hizi chembe. Lakini nimeomba, Masika. Kutoka siku ile ya sakafu mpaka leo sikuwahi kuomba mutu yeyote, kwa sababu weye ulishika kabla sijaomba. Nikiendelea kukuona mulangoni kila nikianguka, sitaomba kamwe. Nitazeeka nikikohoa.

Vile vipande viwili nilivyokata leo ndivyo kiwiko cha kesho. Ni kibaya. Kimoja kina mudomo mrefu kuliko kingine na itabidi nikisugue na mchanga. Ungekiona ungekitupa kwa mbwa.

Kule Kampala watakufundisha povu lile la kumimina, na utalijua kuliko wao, na hilo ninalisema bila wivu tena, au na wivu kidogo. Nitumie video nyingine. Lakini ukiwa na huzuni, na utakuwa nayo, chumba cha mugeni kina jioni ndefu, usiniandikie kwamba uko sawa. Andika huzuni. Nitaisoma, nitalia kidogo, nitakujibu. Nami nitakuandikia yangu. Sitaki siku moja nije kukuona na weye umimine chai juu ya meza.

Sasa sikiliza ya kesho. Hautanikuta. Ufunguo uko ndani ya kopo la kola, chini ya dirisha. Mufuko uko karibu na mulango, zipu nimeifunga, na barua hii iko juu yake ili usiweze kuinua kimoja bila kingine. Ndani nimeweka waya wako wa moto, nimeuzungushia kile kitenge cha mama yako cha kijani, usije ukakunjika. Miye nitakuwa nimeshatoka. Nimekukimbia, ndiyo, sitaki uniangalie sura. Ninajijua. Ukisimama hapo mulangoni useme, "Papa, nibaki?" nitasema baki. Nitasema kabla haujamaliza kuuliza, na kitakuwa kikohozi kingine.

Gari la Bunagana linapita mbele ya depo. Kaa upande wa kushoto. Utaniona barazani nimekumbatia kiwiko, mikono yote miwili imezunguka tiyo, shavu kwenye ganda, na Mama Furaha anazungusha waya na kunigombeza. Usimuambie dereva asimame. Nikiachia, ganda linaanguka, na hilo ndilo la mwisho nililo nalo. Nimeichagua saa hiyo makusudi, mama, ili nisiwe na mukono wa kukuita.

Weye ndiye upunge mukono. Miye nitakuangalia tu, mpaka fundo likaze.

Papa yako,
Kasereka